Mwongozo kamili: Kuunda modeli ya mbao ya Duyfken, kuanzia mkuku hadi kamba

Picha za modeli zilizokwama ambazo wasomaji hunitumia zinafanana kama mapacha. Mataruma (mbavu za chombo) yamesimama vizuri, fito nane au kumi za kwanza zimelala, kisha kule omoni, yaani mbele, mambo yanaharibika: fito zinapandana, zinainua ukingo mmoja, mianya inapitisha mwanga. Mwenye kazi anakifunika chombo kwa kitambaa na kukisukuma chini ya kitanda.

Karibu nyote mmekosea mahali pamoja, na si pale mnapodhani. Ubovu hauanzi siku ya kubandika fito. Unaanza siku mbili tatu kabla, pale msasa na rula vilipowekwa chini mapema. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa muda mrefu kwenye hatua ya 3 hadi ya 6. Ukizitendea haki hizo nne, zilizobaki ni uvumilivu tu.

## Chombo tunachounda

Duyfken, yaani njiwa mdogo, ni merikebu ya Kiholanzi ya milingoti mitatu ya mwanzoni mwa karne ya 17. Nimeichagua kwa sababu ni ndogo: urefu wa karibu mita 20, upana wa karibu mita 6. Kwa kipimo cha 1:50 mwili wake unakuwa sm 40 kwa sm 12, unakaa kwenye meza ya kawaida. Batavia, merikebu nyingine ya Kiholanzi ya 1628, ina zaidi ya mita 56. Kwa kipimo hichohicho inapita mita moja. Si kazi ya kuanzia.

Jambo moja la kukutuliza: michoro ya awali ya Duyfken haipo. Michoro yote iliyopo imekadiriwa kutokana na maarifa ya vyombo vya wakati ule, ikiwemo ya nakala ya ukubwa kamili iliyoundwa Fremantle, Australia, na kushushwa majini 1999. Michoro miwili ikitofautiana kidogo, usihangaike. Chagua mmoja na uufuate hadi mwisho.

## Vifaa

Viweke mezani vyote kabla ya kuanza.

- Plaiwudi ya mm 5 kwa uti na mataruma, na ya mm 1 kwa sitaha ya chini
- Fito 60 za mbao laini yenye nyuzi zilizonyooka, mm 5 kwa 1.5, urefu sm 60. Msonobari safi usio na vifundo unafaa
- Fito 100 za mm 4 kwa 0.6 za mbao nzuri kwa tabaka la pili na sitaha. Mninga unapendeza sana
- Vipande vya mbao laini vya kujazia omo, na vijiti vya duara vya mm 4 hadi 8 kwa milingoti
- Gundi nyeupe ya mbao, na chupa ndogo ya gundi ya haraka
- Msasa namba 80, 120, 180 na 240
- Kisu chembamba chenye wembe wa kubadilisha, randa ndogo, tupa, drili ya mkono yenye kekee za mm 0.6 hadi 1.5
- Vibanio vya nguo 30, pini, utepe wa karatasi, bikari, rula ya chuma, kona mraba
- Chupa ya chai inayotunza joto
- Uzi wa mm 0.25, 0.4 na 0.8, na nta ya nyuki

Tahadhari: vumbi la mvule na la mpingo huwasha ngozi na kubana kifua. Vaa barakoa hata kama unapiga msasa dakika tano tu, na fanyia kazi hiyo nje.

## Hatua ya 1: Hakikisha mchoro haudanganyi

Mchoro uliochapishwa dukani mara nyingi huwa umepunguzwa ili uingie kwenye karatasi. Tafuta mstari wa kipimo ulio kwenye mchoro na uupime kwa rula ya chuma. Mstari wa mita 5 kwa 1:50 lazima uwe mm 100. Ukiwa mm 97, rudi ukachapishe upya bila kupunguza, maana tofauti hiyo itaingia kwenye kila taruma.

Kosa la pili ni la futi. Michoro mingi ya merikebu za Kiholanzi hutumia futi ya Amsterdam, ambayo ni sm 28.3 na imegawanywa katika inchi 11, si 12. Ukiichukulia kuwa futi ya Kiingereza ya sm 30.5, chombo kitavimba kwa karibu asilimia 8, na milingoti uliyonunua haitalingana nacho. Kwa 1:50, futi moja ya Amsterdam ni mm 5.7. Iandike kwenye ukuta mbele yako.

## Hatua ya 2: Simamisha uti na mataruma

Uti ni ule ubao mmoja wa plaiwudi unaokwenda toka omo hadi shetri (sehemu ya nyuma). Mkuku, ule mti wa chini kabisa, unakaa chini yake. Mataruma hupachikwa juu ya uti kama mbavu za samaki.

Kata kila taruma nje kidogo ya mstari, kisha limalizie kwa tupa. Pachika yote bila gundi kwanza. Kila moja liingie kwa kusukuma kwa kidole gumba. Ukihitaji nyundo, pana pembamba mno, na uti utapinda.

Funga uti kwenye ubao mnene ulionyooka, wima kabisa, ndipo utie gundi taruma moja moja huku ukipima kwa kona mraba. Yakishakauka, bandika sitaha ya chini ya plaiwudi ya mm 1 kabla ya ufito wowote. Sitaha hiyo ndiyo inayokifanya chombo kisijipinde wakati wa kuvikwa mbao. Wengi huiacha hadi mwisho ili waone ndani, na wanalipa gharama yake baadaye.

Umefaulu ikiwa ukitazama kwa jicho moja toka shetri, vichwa vya mataruma vyote vinajipanga, na mkuku umelala juu ya kioo bila mwanga kupita chini yake.

## Hatua ya 3: Jaza omo

Merikebu za Kiholanzi za zama hizo zina omo ya mviringo, pana kama shavu. Kati ya hanamu (ule mti uliopinda wa mbele) na taruma la kwanza, halafu kati ya la kwanza na la pili, kuna nafasi tupu mahali ambapo mpindo ni mkali kuliko pote. Ufito ukipita hapo hewani hauwezi kuwa mviringo. Unakata kona, na chombo kinapata shavu lenye bapa.

Chonga vipande vya mbao laini vijaze nafasi hizo pande zote mbili, vibandike, halafu uvichonge hadi vifuate umbo. Fanya vivyo hivyo nyuma, chini ya shetri. Kazi hii inachukua jioni moja. Ukiwa na haraka, ruka kitu kingine chochote lakini si hiki.

## Hatua ya 4: Chonga kingo za mataruma

Hapa ndipo modeli nyingi zinapofia.

Ukingo wa taruma ukitoka kwenye msumeno una pembe ya mraba. Lakini ufito unapokwenda mbele unaingia ndani, kwa hiyo unagusa kona moja tu ya ukingo ule. Gundi inashika uzi mwembamba badala ya mm 5 nzima, na ufito unajaribu kuzunguka juu ya kona hiyo. Kingo zote zinapaswa kuchongwa mshazari: za mbele zielekee omoni, za nyuma zielekee shetri. La katikati halihitaji karibu chochote.

Usitumie kipande kidogo cha msasa mkononi, kitachimba mashimo. Bandika msasa namba 80 juu ya ufito mnyumbufu wa sm 25, upige ukigusa mataruma matatu au manne kwa pamoja. Namna hiyo taruma lililotokeza linapungua lenyewe, na lililozama linajulikana. Lililozama liongezee ukanda wa mbao juu yake, kisha uchonge tena.

Sasa nenda nyuma. Uti una mm 5. Tabaka la kwanza la fito ni mm 1.5, la pili mm 0.6, na pande ni mbili: jumla mm 4.2 zaidi. Usipoupunguza uti, sehemu ya nyuma itakuwa na unene wa mm 9.2, wakati fashini, mti wima unaobeba usukani, ina mm 5. Chombo kitaonekana kimevimba kisogo. Kwa hiyo chonga uti pale nyuma chini, kidogo kidogo, hadi ukingo wake ubaki karibu mm 1.

Umefaulu ikiwa unaweka ufito mkavu popote ubavuni, unaubana kwa vidole viwili tu, na unagusa mataruma yote kwa upana wake wote. Uugonge kwa kucha juu ya kila taruma. Ufito uliokaa sawasawa hutoa mlio mkavu, mfupi. Uliokaa hewani hulia mvungu. Usiende hatua ya 5 mpaka mlio uwe mmoja toka mbele hadi nyuma.

## Hatua ya 5: Gawanya ubavu kabla ya kubandika

Bandika ufito wa kwanza kila upande kwenye kimo cha mkanda mnene wa ubavuni, ukifuata mpindo wa sitaha unaopanda mbele na nyuma. Huo haupunguzwi upana. Hakikisha kushoto na kulia vinalingana, kwa sababu kila kitu kitaufuata huu.

Kisha chukua kipande chembamba cha karatasi. Kizungushe kwenye ukingo wa taruma la katikati toka chini ya ufito huo hadi mkukuni, weka alama, upime. Tuseme umepata mm 95. Gawa kwa 5: fito 19. Idadi hiyo ndiyo itakayokwenda toka mwanzo hadi mwisho.

Nenda taruma la kwanza mbele. Karatasi inasema mm 57. Gawa kwa 19: mm 3. Maana yake kila ufito, wenye mm 5 katikati, uwe umepungua hadi mm 3 ukifika omoni. Pima kila taruma lililopo katikati kwa namna hiyohiyo na uandike jibu kwa penseli juu ya taruma lenyewe.

Nyuma mambo yanageuka. Huenda ukapata mm 104.5, sawa na mm 5.5 kwa kila ufito. Mbao haiwezi kuongezeka upana, hivyo kutabaki nafasi ya mm 9.5. Hiyo itazibwa na kabari mbili: vipande vilivyochongoka vinavyoingia kati ya fito karibu na fashini. Mafundi wa meli hufanya hivyo hata kwenye vyombo vikubwa, kwa hiyo usione ni kuficha kosa.

Kanuni: usipunguze ufito chini ya nusu ya upana wake, hapa mm 2.5. Ncha nyembamba kuliko hapo hupasuka na haishiki pini. Hesabu ikidai chini ya nusu, acha fito mbili zilizopakana ziishie kwenye taruma la pili, na ufito mmoja mpana uendelee mbele badala yake.

Wanaoanza huuliza kwa nini wasibandike tu fito nzima hadi zigongane mbele. Kwa sababu ufito hukubali kupinda upande wa bapa na hukataa upande wa ukingo. Ukiulazimisha, ukingo mmoja unainuka kama ukindu uliosukwa vibaya, na hakuna gundi itakayoulaza.

## Hatua ya 6: Lowesha, pinda, kausha, ndipo ubandike

Fito za jozi, wa kushoto na wa kulia, zibane pamoja na uzichonge kwa randa kwa mkupuo mmoja ili zifanane. Punguza ukingo utakaokutana na ufito uliokwisha bandikwa. Ule wa nje uache kama ulivyo.

Jaza maji yanayochemka kwenye chupa ya chai na usimamishe fito humo kwa dakika 20. Sm 15 za mbele ndizo zinazohitaji kulainika, na chupa inatosha kwa hilo. Zitoe, zizungushe taratibu kwenye kopo lenye mviringo mkali kidogo kuliko omo, zifunge kwa utepe, uziache hadi kesho.

Hadi kesho, tafadhali. Ufito uliobandikwa ukiwa na maji huwa umevimba. Ukikauka unasinyaa, na ile mianya ya nusu milimita inatokea wiki moja baada ya wewe kushangilia.

Ukishakauka, paka gundi nyeupe kwenye mataruma na ukingoni mwa ufito wa jirani. Toboa tundu la mm 0.6 kwanza, ingiza pini nusu tu, na uing'oe gundi ikishika. Pale ubavu unapogeuka kuwa tako, chonga ukingo wa ufito mshazari kidogo ili usiache mfereji wa umbo la V.

Tahadhari kubwa: bandika fito mbili kushoto, mbili kulia, kamwe usimalize upande mmoja kwanza. Modeli yangu ya kwanza niliivika upande wote wa kushoto Jumapili moja, nikiwa na furaha ya kasi. Jumatano niliiweka juu ya kioo na katikati ya mkuku palikuwa pameinuka mm 4. Fito na gundi vilikuwa vimeuvuta uti kama upinde. Haikuwezekana kuurudisha, nilianza upya.

Mafundi wa Amsterdam wa karne ya 17 walikuwa wakianza na mbao za chini, wakizishikilia kwa vibao vya muda, na mataruma yakifuata baadaye. Nakala ya Fremantle nayo iliundwa mbao kwanza, zikipindwa kwa moto. Mtepe wa Lamu, uliokuwa ukishonwa kwa kamba, ulifuata mpangilio huohuo. Sisi tunafanya kinyume kwa sababu mbao za mm 1.5 haziwezi kujishikilia zenyewe, lakini somo la wale mafundi linatuhusu: ubao husikilizwa unataka kulala wapi, ndipo ukatwe.

Umefaulu ikiwa ukizima taa na kuweka tochi ndani ya chombo, mwanga unatoka kama nukta chache, si mistari.

## Hatua ya 7: Msasa na tabaka la pili

Changanya vumbi la msasa na gundi nyeupe, ziba mianya, acha ikauke siku nzima. Piga namba 80 kwa mshazari wa fito, halafu 120, kisha 180 kwa kufuata urefu. Fumba macho na upitishe kiganja; vidole vinaona mabonde ambayo macho hayaoni.

Tabaka la pili linafuata hesabu ileile ya hatua ya 5, ila fito ni za mm 4. Pitisha penseli laini kwenye ukingo mmoja wa kila ufito kabla ya kuubandika: mstari mweusi unaotokea ndiyo kalafati yako. Zikate ziwe na urefu wa sm 12 hadi 16, sawa na mbao za mita 6 hadi 8 kwenye chombo halisi, na viungo vya fito zilizopakana visikutane kwenye taruma moja.

Malizia kwa mikanda minene ya ubavuni, mm 4 kwa 2. Mm 2 ni ngumu kupinda omoni, kwa hiyo ijenge kwa tabaka mbili za mm 1.

Usisahau kwamba ubavu wa merikebu hizi hurudi ndani kadiri unavyopanda. Ukisimamisha kuta za juu wima, chombo kinapoteza sura yake ya Kiholanzi papo hapo.

## Hatua ya 8: Sitaha, shetri na usukani

Sitaha huvikwa toka katikati kwenda nje. Shetri ni nyembamba na ndefu kwenda juu; usiipanue kwa hisia.

Onyo moja tu hapa, kwa kuwa nimeliona kosa hili hata kwenye modeli nzuri sana: usiweke gurudumu la usukani. Magurudumu yalianza kutumika karibu na 1700. Duyfken iliongozwa kwa mkono wa usukani unaoingia ndani ya shetri, ukisukumwa na nguzo ya wima toka juu.

## Hatua ya 9: Milingoti na foromali

Anza na kijiti cha mraba ikiwezekana. Kichonge kiwe na pande 8, kisha 16, ndipo ukizungushe ndani ya msasa. Ukianza na cha duara, kifunge kwenye drili na ukipunguze polepole kuelekea juu.

Foromali (miti inayobeba matanga) za milingoti ya mbele na ya kati hulala mlalo na ni nyembamba ncha zote mbili. Ya mlingoti wa nyuma hukaa mshazari na kubeba tanga la pembe tatu, ndugu wa lile la jahazi. Fungasha kapi zote kwenye foromali kabla ya kuzipandisha. Ukishapandisha, mikono haiingii tena.

## Hatua ya 10: Kamba

Pitisha kila uzi kwenye nta ya nyuki mara mbili ili manyoya yalale. Kamba zinazoshikilia milingoti ni nyeusi kwa lami. Zinazovutwa na mabaharia ni za rangi ya katani.

Fuata mpangilio huu: kamba za pembeni za mlingoti zifungwe jozi jozi, ya kwanza kulia mbele, inayofuata kushoto mbele, kisha kulia, kisha kushoto. Ya kutoka mlingotini kwenda omoni huja juu ya hizo. Ukifunga upande mmoja wote, mlingoti unalala huko na kamba za kwanza zinalegea.

Vile vipande vya duara vyenye matundu matatu vinavyokaza kamba za pembeni, vichonge kwa mpingo. Haupasuki matundu yanapokaribiana. Ili vikae kimo kimoja, pinda waya uwe na umbali mmoja kati ya cha juu na cha chini, na uutumie kwa vyote.

Ngazi za kamba zipande kila mm 8, sawa na sm 40 za hatua ya baharia. Funga toka chini, na upime upana kila ngazi tano: kamba za pembeni zikianza kukaribiana kiunoni, unakaza mno.

## Hatua ya 11: Matanga na rangi

Matanga ni sita: moja chini ya mlingoti wa maji (mti unaotokeza mbele ya omo), mawili mlingoti wa mbele, mawili wa kati, na la pembe tatu nyuma. Tumia pamba nyepesi kuliko unavyodhani, iliyoloweshwa kwenye chai ya rangi. Kitambaa kizito kinageuza merikebu kuwa kichanja cha nguo.

Chini ya mstari wa maji paka nyeupe iliyofifia. Juu yake acha mbao, ukipaka mafuta ya kitani tabaka mbili nyembamba. Matambara yenye mafuta hayo hujipasha moto na kuwaka yenyewe yakirundikwa. Yatandaze nje yakauke kabla ya kuyatupa. Bendera iwe ya chungwa, nyeupe na buluu.

Kwa mnaokaa pwani, uzi wa pamba hukaza hewa ikiwa na unyevu na kulegea ikikauka. Kaza kamba za mwisho siku ya hali ya kawaida, si wakati wa masika. Ziache kwa wiki mbili ndani ya sanduku la kioo, uzikague moja moja, ndipo utie tone la gundi kwenye kila fundo na kukata ncha.